Leseni ya Mahari

Wenzangu walipoolewa walipewa dhahabu. Mie nilipewa leseni ya lori, na msinihurumie, maana niliitaka mwenyewe kwa mdomo wangu.

Ilikuwa mwaka tisini na moja, Houston, mtaa wa Alief, nyumbani kwa ami yangu Shuaib. Ami ndiye aliyekuwa walii wangu wa kuniozesha, kwa kuwa baba yangu alikwisha kufariki Unguja. Alinijia jikoni akaniuliza kama inavyopasa: "Hamdiya mwanangu, Mselem anauliza mahari yako nini?" Wanawake wote wakasimamisha miiko, wanasikiliza. Walitegemea niseme seti ya dhahabu ya Dubai. Nikasema, "Nataka ile leseni yake."

Bi Hadiya, mke wa ami, akaachia kifuniko cha sufuria. "Leseni gani? Ya kuendeshea gari?"

"Siyo hiyo. Ile ya kubebea mizigo."

Aka! Nilichekwa siku ile mpaka pilau likashika chini.

Sasa niwaeleze, maana vijana wa leo habari hii hawaijui. Texas zamani zile, kuwa na lori hakukukupa haki ya kutoa mzigo Dallas ukaupeleka Houston. Ilitakiwa leseni ya Austin, kutoka ofisi iliyoitwa Tume ya Reli. Reli na malori wapi na wapi, msiniulize, hata Wateksasi wenyewe nikiwauliza walikuwa wanakuna vichwa. Na leseni mpya haikupatikana hivi hivi. Ukiomba, wale wenye nazo wanakuja na mawakili wao kupinga, kwamba malori yanatosha, hapana haja ya mwengine. Asiye nayo huendesha chini ya leseni ya mtu, na mtu huyo hukata fungu lake kabla hujaona chako. Mselem aliendesha hivyo ujana wake wote, tangu aliposhuka meli bandari ya Houston akaapa harudi tena baharini. Mwisho mzee mmoja wa Fort Worth, anastaafu na wanawe hawataki kazi ya lori, akamuuzia yake. Mselem akatoa kila alichokuwa nacho, na baada ya miezi ya kesi na mawakili Austin wakakubali kubadilisha jina.

Basi mie nikapiga hesabu zangu. Dhahabu naijua. Mama yangu alipewa dhahabu nyingi tu, ikatoka kidogo kidogo, bangili kwa ajili ya ada ya skuli, mkufu kwa ajili ya hospitali, mpaka akabaki na masikio matupu. Leseni haivaliwi, haiibiwi, wala sonara hainunui. Nikasema moyoni, huyu bwana akiwa mwema tutakula pamoja, na akinigeuka nina kitu ambacho Texas nzima wanakitafuta. Niliona hakuna mjanja kunishinda.

Mselem hakusita. Alipopelekewa jawabu alicheka peke yake, akasema, "Ni yake." Sheikh aliuliza mara ya pili, hakuamini masikio yake. Bahasha ya kaki ikapita mkono kwa mkono mbele ya mashahidi mpaka ikanifikia mie, nikaitia sandukuni chini ya kanga zangu. Kwenda Austin kubadilisha jina hakuna aliyekwenda. Kwetu sisi kitu kikitolewa mbele ya mashahidi kimetolewa, na nani alikuwa na hamu ya kurudia miezi ile ya mawakili? Mselem alikuwa akisema, "Tutakwenda, inshallah," na inshallah yake ikarefuka.

Tukahamia Euless, karibu na uwanja wa ndege. Mie nikapata kazi kwenye jiko linalopika chakula cha ndege, na nikirudi nyumbani ndimi ninayepokea simu za mizigo. Mselem anakwenda Houston na kurudi. Madereva wenzake walikuwa wanamtania kila wakikutana kwenye mizani: "Mselem! Leo mkeo kakuruhusu?" Naye anawajibu, "Kaniruhusu, lakini kasema nirudi mapema." Nilipenda utani ule, siwafichi. Nilikuwa nikiosha vyombo najiambia, barabara yote ile, Ennis, Corsicana, Huntsville, anapita kwa idhini yangu.

Haya. Mwaka tisini na nne Washington wakatunga sheria. Kuanzia siku ya kwanza ya mwaka tisini na tano, majimbo yasimzuie mtu kubeba mizigo ndani ya jimbo. Mwenye lori lake na bima yake aingie barabarani. Kwa madereva wengi ilikuwa sikukuu, na mie siwaonei kijicho, ilikuwa haki yao tangu zamani. Lakini leseni yangu ilikufa siku ile. Juzi yake mtu angeuza shamba aipate, na mwaka mpya hata kufungia karanga haifai, maana karatasi yenyewe ngumu.

Habari zikaenea, watu wakaja kunipa pole. Kweli kabisa, walikuja Euless kama wanaokuja matangani, wengine kutoka Houston. Ami Shuaib alikuja na Bi Hadiya na birika la kahawa. "Pole, mwanangu, mali huja na huenda." Nikawapokea, nikawakaribisha chai na mandazi, sikutoa chozi. Nilisema, mali ilikuwa yangu na hasara ni yangu. Hata katika kupoteza kulikuwa na heshima yake. Mtu hapotezi ila alichokuwa nacho.

Maisha yakabana. Malori yalikuwa mengi, bei za mizigo zikashuka, na injini ya Mselem ikaanza kukohoa kila tukipanda kilima, na Texas yenyewe haina vilima. Alikuwa anaitengeneza mwenyewe Jumapili, mikono nyeusi mpaka viwiko. Injini nyengine hatukuwa na njia ya kuipata.

Hapo ndipo alipoingia Kezia. Kezia ni Mkenya, mhasibu katika hospitali moja kubwa ya Houston, anakaa Pearland na mumewe na kanisa lake. Jumamosi hukaa katika chumba nyuma ya duka la Alief linalouza unga na dagaa, akiwajazia watu kodi zao. Mwanzo alituambia leseni ile haina dawa. Serikali haikubali ukate hasara kwenye kodi kwa sababu tu kitu kimeshuka thamani, na kama leseni zile zimekufa au zimeshuka thamani tu, wenyewe wakubwa wa kodi walikuwa wanabishana. Halafu kiangazi cha tisini na sita ikatoka sheria nyengine: waliokuwa na leseni za namna ile waruhusiwe kukata kwenye mapato ya mwaka tisini na tano ile gharama waliyonunulia, na kodi waliyolipa zaidi warudishiwe.

"Mama Nusra," Kezia akanipigia simu, "leteni risiti mbio. Hii ni injini yenu hii."

Nilipiga vigelegele jikoni. Mselem akasujudu sijida ya shukrani pale pale kwenye zulia.

Jumamosi moja ya Machi, mwaka tisini na saba, tukamwacha mtoto wetu Nusra kwa jirani Clothilde, tukapanda lori alfajiri. Mselem alikuwa na mzigo wa kushusha Houston, kwa hiyo safari ikawa moja. Njiani maua ya buluu yamefunika kingo za barabara, nami nimeshika bahasha ya risiti mapajani, na tunazungumza habari za injini tu. Alishusha mzigo, akaacha tela ghalani, tukaenda Alief na kichwa cha lori kitupu. Akakiegesha mbele ya duka la dagaa, kikachukua nafasi ya magari matano.

Kezia alikuwa na furaha. Akatandaza karatasi, akavaa miwani. "Sasa. Hii leseni ilikuwa ya nani?"

"Yangu," Mselem akasema.

Hivyo hivyo. Hakunitazama, hakukohoa, hakutafuta neno. Yangu. Nilihisi kama mtu amenivua ushungi mbele za watu.

"Ya nani?" nikauliza.

Mselem akageuka. Nikaona uso wake umekumbuka, lakini neno limeshatoka.

Kezia akatuangalia mmoja mmoja. "Kuna shida?"

"Hakuna shida," nikasema. "Ni mahari yangu tu."

Ilimchukua muda kuelewa. Kwao ng'ombe huenda kwa baba wa msichana. "Kwa hivyo hakupea wazazi wako? Alikupea wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mkononi mwangu, na mashahidi wapo hai."

"Sawa. Lakini hapa kwa gharama lazima nionyeshe mwenye leseni alitoa nini ndiyo akaipata. Yeye ana risiti. Wewe ulitoa nini?"

"Nilijitoa mwenyewe."

Kezia akavua miwani. Alitaka kucheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Aki Mama Nusra, hiyo sina mahali pa kuiandika."

Halafu akatufafanulia polepole, na nasema haki yake, alifafanua vizuri. Sisi ni mke na mume tunajaza kodi pamoja, pesa zitakuja kwetu sote hata akiandika nani. Ila lazima aandike jina moja la aliyekuwa na leseni, na sote wawili tutie saini kwa kiapo kwamba ndiyo kweli. Akiandika Mselem, jina lake liko Austin na liko kwenye risiti, maombi yanapita. Akiandika mimi, itabidi kueleza harusi, kutafuta mashahidi, kutafsiri maneno ya sheikh, na wakitia shaka yanaweza kukaa miaka. "Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari," akamalizia. "Mngeenda tu Austin mkabadilishe jina."

Mselem akanisogezea kalamu. "Tia saini, Mama Nusra. Ni karatasi ya kodi tu."

Ni lile "tu" lililonimaliza. Mie nitie mkono wangu, kwa kiapo, kwamba mahari yangu haikuwa yangu hata siku moja? Kwamba siku ile ya harusi, na vigelegele vyote vile, niliolewa kwa bahasha? Nikasimama.

"Mselem," nikasema, na nikimwita jina lake kavu hivyo anajua. "Twende kwa ami. Kezia, usifunge, tunarudi."

Ami Shuaib anakaa si mbali, lakini Alief hakuna kitu cha kwenda kwa miguu. Tukaingia na kichwa cha lori kwenye mtaa wa watu, jirani Mvietinamu akatoka kuangalia nani anahama. Ami alikuwa anakula. Bi Hadiya akataka kutuletea sahani, nikamwambia ngoja kwanza.

Nikasimulia yote. Mselem hakunikatiza. Nilipomaliza akasema kwa upole, "Ami, hakuna aliyemnyang'anya kitu. Nilimkabidhi mbele yako. Ila jina lililoko Austin ni langu, na tunataka injini."

"Nauliza moja tu," nikasema. "Kama leseni ilikuwa yake, mahari yangu iko wapi?"

Ami akaosha mikono, akafuta vidole kimoja kimoja. Si mwanachuoni, ni muuza magari makuukuu, lakini ameshakuwa walii wa wasichana wengi na hili alilijua. "Mahari ikiharibika mkononi mwa mke," akasema, "hasara ya mke. Ikiharibika mkononi mwa mume hajaikabidhi bado, mume anadaiwa mpaka alipe. Mselem, wewe chagua. Huwezi kuwa umeitoa Alief halafu unayo Austin."

Mselem akainamisha kichwa.

"Lakini na wewe, mwanangu," ami akanigeukia, "msamehe. Mwanamke mwema husamehe mahari."

"Nisamehe nini, Ami? Kwanza ijulikane kama nadai!"

"Taratibu. Hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata, Ami. Niachieni hasira."

Nikamsikia Bi Hadiya jikoni anacheka mpaka anashika meza. Ami mwenyewe akauma mdomo asicheke. Mselem tu ndiye hakucheka. Alisimama, akasema, "Nimekosa. Ni yake. Nitamwambia Kezia aandike yake, ikikaa miaka na ikae."

Nimeshinda. Mbele ya walii wangu, mchana kweupe, nimeshinda. Nikala wali wa Bi Hadiya sahani nzima.

Tukarudi lorini. Mselem akaliwasha, likakohoa, likakubali. Mie mtu akininyamazia siwezi, bora anitukane. Tulipofika kwenye taa nyekundu nikamwambia, "Umenuna?"

"Sikununa."

"Umenuna. Kama roho inakuuma kusema ni yangu, usiseme."

Akaingia kwenye uwanja wa duka la dagaa, akazima injini, lakini hakushuka. Akaweka mikono juu ya usukani. Ile mikono, nilikuwa naiona kila siku, lakini siku ile niliona imezeeka.

"Unakumbuka watu walipokuja Euless kukupa pole?" akaniuliza.

"Nakumbuka."

"Mimi nilikuwa wapi?"

Nikafikiri. Nikamkumbuka mlangoni, anapanga viatu vya wageni visizibe njia. "Mlangoni," nikasema.

"Napanga viatu. Walinipita wote, 'Yuko wapi mwenyewe, yuko wapi Bi Hamdiya?' Hakuna aliyenipa pole mimi. Wala sikuwalaumu. Ilikuwa yako, na anayepewa pole ni mwenye mali. Lakini karatasi ile ni ujana wangu, Mama Nusra. Nililala magaraji ya watu, nikaendesha malori ya watu, nilikosa maziko ya mama yangu, ili niipate. Siku ya pili baada ya pole zile nina mzigo wa Houston. Nilipofika Corsicana nikaegesha pembeni, nikalia. Mwanamme mzima. Nikanawa uso, nikapeleka mzigo."

"Hukuniambia."

"Nikwambie nini? Wewe hukulia. Nije nililie mali yako mimi?" Akafuta vumbi kwenye kioo kwa kidole, vumbi ambalo halikuwapo. "Leo Kezia alipouliza ya nani, neno lilitoka lenyewe. Wallahi sikutaka kukunyang'anya mali. Nilitaka ile hasara tu. Nilitaka japo hasara iwe yangu."

Roho iliniuma, lakini safari hii haikuniuma kwa ajili yangu. Miaka miwili nimelala ubavuni mwa mtu huyu, nampikia, napokea simu zake, na alikuwa na msiba ndani ya nyumba yangu bila mtu hata mmoja wa kumpa mkono. Nilimpenda pale kuliko siku ya harusi, kama mnataka kujua. Siku ya harusi nilikuwa napiga hesabu.

"Shuka," nikamwambia. "Kezia anatungoja."

Kezia alikuwa anakula ndizi, akaisukuma kando. "Mmekubaliana?"

"Andika ya Mama Nusra," Mselem akasema.

"Andika yake," nikasema mie.

Kezia akashusha kalamu. "Jamani. Hii ni serikali ya Amerika, si harusi. Amueni."

Mselem akanitazama, hajui kama ni mzaha au ni vita vipya. Nikavuta kiti karibu na meza.

"Andika yake, Kezia, na andika bila wasiwasi kwa sababu ndiyo kweli. Alinunua yeye. Jina ni lake, barabara aliiendesha yeye, na ilipokufa aliyelia ni yeye. Mie nilipewa bahasha. Bahasha ninayo, imo sandukuni, nzima kabisa."

"Una uhakika? Ni kiapo, unajua."

"Najua kiapo ni nini. Lete."

Lakini kabla ya kutia saini nikaweka kalamu chini. Nikamgeukia mume wangu, nikampa mkono, kama tunavyopeana msibani.

"Pole, Mselem," nikasema. "Pole sana kwa hasara yako."

Akaupokea mkono. Machozi yakamtoka, pale mbele ya Kezia na makaratasi yake, wala hakuyaficha. Kezia naye akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, na najua hakikuwamo. Sikumwachia mkono Mselem. Nilitia saini kwa mkono mwengine ulionibakia, na kwa bahati ndio ninaoandikia.

Tulipotoka nje jua bado lilikuwa kali. Wanaume wawili Wanaijeria walikuwa wanabishana nani kaegesha lori kubwa namna ile mbele ya duka. Mselem akawaomba radhi, akanifungulia mlango wangu, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu nimjue. Halafu akasimama pale chini, mkono kwenye mlango.

"Lakini sasa," akasema, "mahari sijakulipa."

"Hujanilipa."

"Ami kasema usamehe."

"Ami hakuolewa. Sisamehe."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Basi sema unataka nini, ile pesa ikirudi tukishatia injini, nianze kukuwekea. Unataka dhahabu?"

"Sitaki dhahabu."

"Nini basi? Lori?"

"Lori linalokohoa? Sijui, Baba Nusra. Nitafikiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nijue. Mara ya kwanza nilichagua kwa haraka."

Akatazama barabara, magari yanavyopita. Niliona ameingiwa na woga, woga wa kweli, na nilijua wa nini. Sisi tumelelewa hivyo, kwamba mtu akizikwa na deni linamkalia, na deni la mke ndilo la kwanza kuulizwa.

"Dawa ya deni ni kulipa, Mama Nusra," akasema kwa sauti ndogo. "Usiniweke hivi. Mimi ni mtu wa barabarani, asubuhi nipo, jioni Mungu ndiye anayejua. Nikifa je, na mahari yako shingoni?"

Nikapanda, nikakaa, nikafunga mkanda.

"Basi usife," nikamwambia.